Ukingo wa Jicho la Ndugu

"Sharti langu ni moja tu," alisema Abdulrahim. "Si shamba, wala si tanuu la chokaa. Kwa hiyo rafiki yako Tembo aache kukohoa, atapasua kifua bure."

Hapo ndipo kalamu ilipokatia Jumapili iliyopita, na wengi mmenilaumu barabarani. Haya, twende.

Dzombo, mchoma chokaa wa Mwabungo, alikuwa amekaa kitini kwa daktari wa macho kule Ukunda. Macho yake yote mawili hayaoni. Nyuma yake alisimama Tembo, mshirika wake wa tanuuni, mkono begani mwake. Kando alikaa mkewe, Hafsa. Na mlangoni alisimama mdogo wake, Abdulrahim, mtu pekee katika ukoo mzima ambaye damu yake ililingana na ya kaka yake. Ndiye huyo huyo ambaye Dzombo aliapa hatakaa naye chumba kimoja mpaka mmoja wao avishwe sanda.

Sasa wamo chumba kimoja, na sanda haijanunuliwa.

"Liseme," Dzombo alisema. "Liseme uende zako. Unanuka dawa ya bwawa."

"Ijumaa, baada ya sala, usimame msikitini mbele ya watu. Useme Abdulrahim hakukumwagia chokaa. Useme na ile ndoo haikuwa ya kukuua. Ukishasema, Jumatatu nitalala hapa daktari anikate."

Dzombo alicheka. Kicheko chake kilikuwa kibaya tangu ujana wake, na upofu haukukitengeneza.

"Yaani niuze ushahidi wangu kwa jicho."

"Si jicho. Kipande cha ukingo wake, kama ukucha uliokatwa. Hata ukucha wangu huustahili, lakini hiyo ndiyo biashara iliyopo."

"Mwamsikia?" Tembo alisema. "Hajamwamkia kaka yake hata shikamoo, ataka asafishwe msikitini."

"Shikamoo huamkiwa mtu mzima," Abdulrahim alijibu. "Nikimwona hapa nitamwamkia."

Hafsa alifyonya. Daktari akapiga meza kwa kiganja.

Daktari Akinyi alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa ziwani. Alisoma ng'ambo, akarudi na matibabu ambayo hata huko bado yalikuwa yanajaribiwa, akakodi nyumba nyuma ya soko la Ukunda. Ulimi wake haukupakwa asali.

"Mimi sikuja Pwani kuamua kesi," alisema. "Sikizeni, kwa sababu sitarudia. Kwenye ukingo wa jicho, pale cheusi kinapokutana na cheupe, kuna seli ambazo kazi yake ni kuzaa nyingine. Tunaziita seli shina. Kila siku zinazaa ngozi mpya, ngozi inatanda juu ya kioo cha jicho, kioo kinabaki safi. Za huyu mzee ziliungua zote. Kioo kikakosa mzazi. Ngozi ya weupe ikapanda juu yake na mishipa ya damu, kama majani yanavyopanda kaburi lisilo na mwenyewe. Nikimwekea kioo cha maiti, majani yatapanda tena. Nahitaji shina lenyewe, na lazima litoke kwa mtu wa damu yake. Dada yenu Biasha damu yake imekataa. Amebaki huyu."

"Na nikipewa, nitaona?" Dzombo aliuliza.

"Sijui. Ni utafiti. Ukitafuta mtu wa kukuahidi, nenda kwa mganga." Kiti chake kikalia. "Sasa niambieni. Ndoo gani?"

Tembo ndiye aliyejibu, kama alivyojibu kila swali tangu siku ya kwanza.

"Mambo ya zamani, daktari. Hayahusu dawa."

"Sijakuuliza wewe. Wewe uliniambia chokaa iliingia machoni, wakamsafisha. Mzee, sema mwenyewe."

Dzombo akasema. Aliisema habari hii mara nyingi mno hata maneno yalikuwa yamekaa foleni mdomoni.

"Mwaka juzi tulikuwa tunafungua tanuu. Matumbawe yameshaiva, hayajazimwa. Huyu na Tembo wako juu ya rundo na sepetu zao, mimi niko chini. Tumegombana tangu asubuhi, kwa kuwa ataka kuliacha tanuu la baba akafagie bwawa la kuogelea la wageni Diani. Mara chokaa ikanijia usoni, nikaanguka. Kisha nikamsikia huyu anakuja mbio, na ndoo ya maji inampiga mguuni."

"Halafu?"

"Halafu nini, daktari? Chokaa ambayo haijazimwa ukiitilia maji huchemka. Kwetu ndiyo kazi, twamwaga maji jiwe likapasuka kwa moto wake. Sepetu yaweza kumteleza mtu, sikatai. Lakini ndoo ya maji haitelezi. Ndoo huendewa kisimani. Alitaka kunichemsha macho kichwani."

Ndoo hiyo, msomaji, ndiyo iliyomhukumu Abdulrahim. Hakuna mchoma chokaa kuanzia Diani mpaka Msambweni aliyehitaji ushahidi mwingine. Wazee wa binti aliyemchumbia walirudisha posa. Salamu zake barabarani hazikujibiwa. Akahamia Ukunda, akabaki na bwawa lake.

"Mimi ndiye niliyemshika mikono," Tembo alisema. "Nikapiga kelele, usimtilie maji, utamwua. Shemeji Hafsa akaja na chupa ya mafuta ya nazi, tukayatia machoni, yakamtuliza."

"Mlimtia mafuta," daktari alisema.

"Mafuta ndiyo dawa ya chokaa," Hafsa alijibu. "Tangu bibi zetu."

"Na maji?"

"Hata tone," Tembo alisema, kwa sauti ya mtu anayengoja kusifiwa.

Dzombo alisikia kalamu ikilazwa mezani.

"Mzee Dzombo," daktari alisema, na safari hii hakupandisha sauti. "Jiwe ukilitilia maji kidogo linachemka, ni kweli. Vumbi jichoni ukilitilia maji mengi, dumu kwa dumu, linaondoka. Lisipoondoka linaendelea kula, na jicho lenyewe lina machozi ya kulichemsha. Mafuta yalilifunika likae vizuri. Ile ndoo ndiyo ilikuwa macho yako. Ungemwagiwa pale pale, labda leo ungekuwa unaniona nilivyokasirika."

Hakuna aliyekohoa. Hata Tembo.

"Nilikwambia," Abdulrahim alisema kutoka mlangoni. "Nilikuwa nimeshafanya kibarua bwawani kwa siri. Siku ya kwanza tu walitufundisha, dawa ikikuingia jichoni ni maji, na maji tena, mpaka uchoke. Nikawaambia nyote. Mkasema bwawa limenitia wazimu."

Dzombo alijaribu kufikiri kama angekuwa yeye amesimama, na mwingine ameanguka, na mtu anakuja mbio na ndoo. Angeipiga teke ndoo ile. Angempiga teke na mwenye ndoo.

"Kwa hiyo ni mimi," Hafsa alisema polepole. "Niliyempofusha ni mimi."

Na wewe msomaji ungekuwapo ungemwambia nini?

*

Alhamisi, nyumbani Mwabungo, Hafsa alimwekea mumewe wali mbele yake na hakumwambia samaki yuko upande gani wa sahani. Tangu apofuke hakuwahi kusahau.

"Kesho utasimama?" aliuliza.

"Nitasimama."

"Ukisimama ukasema ndoo ilikuwa dawa, umesema mafuta yalikuwa sumu. Mji mzima wajua nani aliyeyamwaga."

"Sitakutaja."

"Huna haja ya kunitaja. Nitakwenda kisimani, wanawake watanyamaza. Kama walivyomnyamazia yule. Mimi nimekuongoza chooni miaka miwili, Dzombo. Nimekukata kucha. Leo wanifanya mimi ndiye Abdulrahim."

"Wataka nibaki kipofu ili usisemwe?"

"Nataka uniulize kwanza kabla ya kuniuza."

Dzombo alipapasa sahani, akachomwa na mwiba wa samaki kidoleni.

"Ukisimama," Hafsa alisema, "ukirudi hutanikuta. Nitakuwa kwetu Msambweni."

"Chukua na chupa ya mafuta," Dzombo alisema.

Lilikuwa neno baya. Alijua lilipokuwa bado limo mdomoni, akalitoa hivyo hivyo.

*

Ijumaa akasimama.

Tembo alimshika mkono mpaka safu ya mbele. Msikiti ulikuwa umejaa, aliusikia kwa joto la watu na kwa mikohozi. Sheikh alipomaliza, alisema ndugu yetu Dzombo ana neno, tumsikilize.

"Asalaam aleikum," Dzombo alisema. "Mwanijua. Mwaka juzi nilisimama hapa hapa nikamwita ndugu yangu muuaji. Ile ndoo ya maji ilikuwa dawa. Daktari ameniambia. Nilikosea, na aliyenitia dawa nyingine alinitia kwa mapenzi, mtu asimguse. Hakuna hapa ambaye angefanya vingine. Kama yupo, aseme tumwone."

"Na chokaa?" sauti ya mzee mmoja iliuliza kutoka nyuma. "Nani aliirusha?"

Sharti lilikuwa wazi. Neno moja tu, sema hakuwa yeye, upate jicho. Lilikuwa dogo, lingepita kooni bila maji.

"Sikuona," alisema. "Ilinijia usoni, na baada ya hapo sijaona kitu mpaka leo. Nilisema ni Abdulrahim kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia. Nikisema leo kwamba siye, nitakuwa naapa nisichokijua ndani ya nyumba ya Mungu. Nikifunguliwa macho nitarudi tanuuni kwangu. Nitamwomba kila aliyekuwapo asimame pale pale aliposimama siku ile, na sepetu yake mkononi. Kisha nitasema."

Mkono uliokuwa umemshika kiwiko ukalegea.

"Mimi niliona," Tembo alisema kwa sauti kubwa. "Hakuna haja ya kungoja macho. Alirusha Abdulrahim, na niko tayari kuapa."

Msikiti ukavuma kama mzinga uliopigwa jiwe. Sheikh akawanyamazisha, akasema kiapo si cha kurushiana kama mpira, waende nyumbani.

Nje, kwenye ngazi, Dzombo alisikia harufu ya bwawa.

"Umenipa nusu ya nilichotaka," Abdulrahim alisema.

"Ndiyo niliyonayo."

"Basi nami nakupa jicho moja. Nusu kwa nusu."

"Daktari alisema atanitibu moja tu tangu mwanzo."

"Ndiyo maana nakubali. Usidhani nakuonea huruma. Nataka ufunguke macho, uje uniangalie usoni, unitukane tena kama utaweza. Jumatatu asubuhi. Usichelewe."

Nyumbani Dzombo aliita mara mbili. Hafsa hakuwako. Chupa ya mafuta ilikuwa imeachwa mahali pake juu ya rafu. Aliipapasa akaiacha hapo.

*

Jumatatu, kwa kuwa Hafsa hakuwako, Tembo ndiye aliyempeleka Ukunda.

Alikuja mapema, ameoga. Dzombo alipompa mkono aliusikia mkono ule laini, wenye maji maji, unanukia sabuni ya kipande.

"Leo umekuwa bwana harusi," Dzombo alisema.

"Naingia kwa daktari, niende na vumbi? Sijagusa tanuu tangu juzi. Leo ni siku yako, ndugu yangu."

Tangu Ijumaa Tembo alikuwa mtamu hivyo. Alimwambia Dzombo amekwisha kumsamehe kwa yale ya msikitini. Dzombo hakukumbuka kuomba msamaha, lakini alinyamaza. Asiyeona hawezi kuchagua sana wa kumshika mkono.

Kliniki ilikuwa na baraza mbele, na baraza lilikuwa na benchi. Karibu na lango palisimama mkokoteni wa Karisa, muuza maji. Ulisimama hapo kila asubuhi, na dumu lake moja lilikuwa linavuja. Dzombo alilijua kwa sauti, tone, tone, juu ya jiwe. Siku zote alizokuja alikaa akalisikiliza, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kutazama.

"Daktari hajafungua," Tembo alisema. "Kaa hapa. Nakwenda kununua sigara."

Nyayo zake zikaondoka kuelekea kona ya ukuta. Dzombo alikaa. Tone, tone.

"Mzee, unangoja kukatwa leo?" Karisa alimuuliza.

"Ndiyo."

"Na ukiona, cha kwanza utaangalia nini?"

"Dumu lako linalovuja. Nione mtu anayeuza maji huku anayamwaga."

Karisa alicheka, na ndani ya kicheko kile Dzombo alisikia viatu anavyovijua vikija kutoka upande wa soko. Abdulrahim alikuwa anatembea upesi tangu utotoni, kama mtu anayefukuzwa.

"Umewahi," Abdulrahim alisema akiwa bado mbali. "Nilidhani utaogopa."

"Niogope ukucha?"

Abdulrahim alikuwa na jibu. Dzombo alimsikia akivuta pumzi ya kulitoa. Lakini alikuwa amefika kwenye kona ya ukuta, na jibu halikutoka. Kilichotoka kwanza ni mlio mdogo, kama mtu anapokung'uta mfuko wa unga. Halafu upepo ukaleta harufu.

Dzombo angeijua harufu ile hata ndani ya kaburi.

Kisha Abdulrahim akalia. Hakuwa analia kama mtu mzima.

"Chokaa," mtu alisema. "Amemwagiwa chokaa."

"Nani?"

"Sikuona. Alikuwa nyuma ya ukuta."

Viatu vikakimbia huku na huku. Wanawake wa sokoni wakaja. Wengine walitaka kanga wamfute, mmoja aliuliza nani ana mafuta ya nazi. Dzombo alikuwa amekwisha simama. Hakuwa na fimbo, fimbo aliondoka nayo Tembo. Akanyoosha mikono mbele, akafuata tone. Goti likagonga gurudumu.

"Nipe dumu," alisema.

"Mzee, ile ni chokaa," Karisa alisema. "Hata mimi Mgiriama nisiyechoma chokaa nalijua hilo. Ukimtilia maji—"

"Nipe dumu au nitakuzamisha ndani yake."

Hakungoja. Alipapasa kishikio, akalinyakua, likawa zito, likamvuta upande. Akaenda nalo kuelekea kilio. Watu walimpisha, wengine hawakumpisha, akawagonga nalo miguuni. Alipokanyaga mguu wa mtu aliyelala, akapiga magoti, akautafuta uso kwa mkono wa kushoto. Pua. Kope zilizobanwa. Unga.

Akamwaga.

Abdulrahim aliruka kama samaki. "Naungua. Unaniunguza."

"Fungua macho."

"Unalipiza. Dzombo, unalipiza."

"Nalipiza, ndiyo. Fungua macho, mwana wa mama yangu, au nitayafungua kwa vidole."

Akayafungua kwa vidole. Maji yalikuwa yanapiga usoni mwa Abdulrahim na kumrukia yeye mwenyewe kifuani. Nyuma yao watu walikuwa wanapiga kelele kwamba kipofu amekuja kummaliza ndugu yake, mwachisheni, mwachisheni. Dumu likaanza kuwa jepesi.

"Maji mengine," Dzombo alisema. "Mungu wangu, maji mengine."

"Haya hapa."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, na bangili zake zikagonga dumu jipya likiwekwa kando ya goti lake. Alizijua bangili zile. Alizinunua yeye.

"Ulikuwa Msambweni," alisema.

"Nilikuwa. Mwaga, usiniulize," Hafsa alisema. "Nishike dumu, wewe shika kope."

Wakafanya hivyo. Yeye alishika kope, Hafsa akamwaga. Aliyetia mafuta mwaka juzi leo anatia maji.

Ndipo mkono mwingine ulipomkamata Dzombo kifundo cha mkono, kwa nguvu, ukamvuta kutoka usoni mwa Abdulrahim.

"Usimtilie maji, utamwua."

Maneno yale yale. Sauti ile ile. Mwaka juzi aliisikia akiwa chini, akaishukuru.

"Umerudi na sigara?" Dzombo aliuliza.

"Mwache, ndugu yangu. Hujui unalofanya."

Hafsa hakuacha kumwaga. Maji yalipita juu ya mikono yao yote miwili, mkono wa Dzombo na kiganja cha Tembo kilichoushika. Na chini ya kiganja kile Dzombo akasikia uvuguvugu.

Kwanza ulikuwa kama wa chai iliyosahauliwa. Kisha ukapanda.

Yeye alichoma chokaa tangu alipoweza kubeba pakacha la mawe. Chokaa iliyokaa wazi hufa yenyewe kwa unyevu wa hewa, ukiimwagia maji haichemki. Chokaa iliyo hai ni ile iliyofungwa ndani ya mfuko, ikatolewa sasa hivi. Na kiganja hiki asubuhi kilikuwa laini, kimeoga, kinanukia sabuni.

Kiganja kikachemka. Tembo aliguta, akajaribu kuuvuta mkono wake. Sasa ilikuwa zamu ya Dzombo kushika.

"Hafsa," alisema, "shika wewe kope za ndugu yangu, na Karisa amwage. Msiache."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshika mwenye sepetu."

*

Tembo alichukuliwa na wauza samaki watano na askari mmoja aliyekuwa anakunywa chai sokoni. Sitawachosha kwa habari zake leo.

Ndani, Daktari Akinyi aliendelea kuosha macho ya Abdulrahim mpaka jua likawa utosini. Alimulika, akaosha. Akamulika tena. Dzombo na Hafsa walikaa ukutani, wamelowa. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na hakuna aliyesogea kuijaza.

"Nani alianza kumwaga?" daktari aliuliza mwishowe.

"Mimi," Dzombo alisema.

"Basi jicho la kushoto ni zawadi yako. Litapona. La kulia lilipokea mzigo wote, ukingo umeungua mzima." Akavua glavu, mpira ukalia. "Nitawaambia sasa, kwa sababu mkiambiwa kesho mtakuwa mmekwisha danganyana. Kutoka kwenye jicho lile zima, nikishakuwa na hakika limetulia, naweza kukata kipande kimoja. Kimoja tu. Nikikata viwili nalo linakufa."

"Twajua," Dzombo alisema. "Kama ukucha."

"Hamjui. Kipande hicho nikikuwekea wewe, huenda ukaona, na ndugu yako abaki na jicho moja. Nikikipanda kwenye jicho lake la kulia, kinatoka kwake kinarudi kwake, mwili hautakikataa. Kitashika kuliko ambavyo kingeshika kwako. Wewe utabaki ulivyo, na mtu mwingine wa damu yako simjui."

Hafsa alishusha pumzi. Nje Karisa alikuwa anarushiana maneno na mtu juu ya madumu yake.

Dzombo aligeuza uso upande ambako kitanda kilikuwa. Miaka miwili alijizoeza kumchukia mtu aliyelala pale, na chuki ilikuwa bado ipo, imekaa, haina mahali pa kwenda.

"Mrudishie mwenyewe," alisema. "Sitaki kitu chake."

Kitanda kililia. Abdulrahim alikuwa amejiinua kwa kiwiko, kitambaa kimefungwa juu ya macho yote mawili. Kwa mara ya kwanza ndugu hawa wawili walikuwa sawa, kila mmoja akiligeukia giza la mwenzake.

"Nyamaza, kaka," alisema. "Jicho ni langu, na hujaniuliza. Nina sharti la pili."